Sauti Mpya ya Lenny Tarrow

Kaseti ilimfikia Mejumaa Chirau siku ya Ijumaa, mwezi wa pili, mwaka wa tisini na nne, ikiwa imefungwa kwa karatasi ya mkate. Aliyeileta ni Jared, karani wa mizigo kwenye gati ya Mbaraki, na jinsi alivyoingia nayo ofisini ungedhani amebeba yai bichi. Ofisi yenyewe ilikuwa Shimanzi, katika kampuni moja ya malori, na Mejumaa alikuwa mpiga chapa hapo kwa mwaka wa saba. Jared aliiweka juu ya mashine ya chapa, akafumbata mikono, akangoja.

Mejumaa akafungua karatasi, akasoma jina, akasimama wima.

"Lenny Tarrow? Ametoa mpya?"

"Ametoa. Kuna fundi wa mitambo, Mfilipino, meli yao imefunga gati tangu Jumatatu. Nimempa kaseti mbili za rumba, naye akanipa hii."

"Umeshaisikiliza?"

"Mara tatu."

"Vipi basi?"

Jared alitikisa kichwa. "Siwezi kusema. Si tulikubaliana?"

Kweli walikubaliana. Miaka saba nyuma, Jared alikuwa ameleta hati za mizigo ofisini, akamkuta Mejumaa anachapa huku anaimba kwa pua wimbo mmoja wa Tarrow. Nusura hati zimdondoke. Mombasa nzima watu walizungumzia taarabu, rumba na rege, lakini roki ya kelele za namna ile, yeye hakuwahi kumwona wa kuzungumza naye. Sasa anamkuta Mdigo wa Kwale, amevaa buibui, anaijua mpaka zile sehemu ambazo gitaa hubaki peke yake. Mejumaa naye alishangaa kwamba mtu wa Kakamega, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa, anaweza kumpenda Tarrow kwa siri kiasi kile.

Tangu hapo wakawekeana sharti. Kaseti ikipatikana, aliyetangulia kuisikiliza hafungui mdomo. Kila mmoja anaandika maoni yake katika daftari lake, wanabadilishana, kisha ndipo wanagombana. Mwanzoni watu wa ofisini walinong'ona. Dzoro, mumewe Mejumaa, aliyekuwa dereva wa malori ya Kampala, siku moja alilichukua daftari la mkewe akalisoma kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Alipomaliza akalirudisha, akasema, "Nyinyi mna ugonjwa, lakini nashukuru hauambukizi."

Kwa miaka sita Tarrow hakuwa ametoa kitu. Wengine walisema amekufa, wengine kwamba ameacha muziki na sasa anafuga farasi. Mabaharia kila mmoja alikuwa na lake.

Jumamosi ile Dzoro alikuwa safarini, na nyumba yao ya Buxton ilikuwa kimya. Mejumaa alifua mapema, akaanika, akafunga mlango, akakaa kitako sakafuni mbele ya redio kaseti. Alikuwa amejitayarisha kwa ile sauti anayoijua, sauti kama bati linaloburutwa juu ya saruji, sauti iliyomshika akiwa kidato cha pili na haikumwachia.

Haikuja. Kwanza lilikuja gitaa moja, taratibu, kama mtu anayejaribu kama nyuzi bado zipo. Halafu mtu akaanza kuimba. Mejumaa alisimamisha kaseti, akaitoa, akaangalia jina tena. Akairudisha.

Alisikiliza nyimbo zote kumi, pande zote mbili, bila kuandika. Akala. Akasikiliza tena. Safari hii aliandika, na hakuandika kama alivyozoea. Zamani alikuwa akiandika, "Ngoma za wimbo wa pili zinanifanya nitake kuvunja sahani." Sasa aliandika hivi:

"Wimbo wa kwanza. Sijui kama naupenda. Ni mtu yule yule? Nadhani ndiye, kwa jinsi anavyotamka herufi r. Wimbo wa tatu una vinanda vingi na sielewi vinafanya nini. Wimbo wa tano unanifanya nitake kumpa maji anywe. Kwa nini anayaacha maneno kabla hayajaisha? Zamani alikuwa akiyavuta mpaka unaona aibu. Wimbo wa nane ni ule wetu wa Gari la Moshi, ameuimba upya, chini kabisa, polepole. Kwa nini arudie wimbo ambao kila mtu anao? Mtu akirudia jambo, ama amesahau kwamba alishalisema, ama kuna kitu hakukisema. Nimeusikiliza mara saba. Nataka kujua."

Walizipa nyimbo za Tarrow majina yao wenyewe ya Kiswahili, na Gari la Moshi ndio uliokuwa mkubwa kuliko zote. Katika ule wa zamani, mwishoni, Tarrow hupiga ukelele mrefu kama king'ora, na Jared alikuwa akisema kwamba ukelele ule ndio uliomfanya awe mtu mzima.

Jumatatu, saa ya chakula, walikutana kwa mama wa viazi karai karibu na lango la kampuni. Wakabadilishana madaftari. Maoni ya Jared yalikuwa mistari mitatu.

"Amekwisha. Simba amekuwa paka wa dirishani. Gari la Moshi asingeligusa."

Mejumaa alikasirika hata pilipili ikampalia. "Miaka sita tumengoja, nawe unaandika mistari mitatu?"

"Niandike nini zaidi? Hana sauti. Nyimbo kumi, na hata moja hajapandisha. Anaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto."

"Sawa, lakini kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini anaimba hivyo? Hujiulizi?"

"Amezeeka, Mejumaa. Watu huzeeka."

"Ana miaka arobaini na sita. Bosi wangu ana sitini, msikilize anavyowafokea madereva."

Jared akacheka, lakini hakubadili neno. Yeye alihuzunika, na huzuni yake ilikuwa imeshafunga duka. Mejumaa hakuwa na huzuni. Alikuwa na udadisi, na wiki nzima ile ulimfuata. Akichapa, anasikia zile pumzi. Akipika, anasikia maneno yanavyokatwa. Ikamjia kwamba katika maisha yake anamfahamu mtu mmoja tu aliyewahi kusimama peke yake mbele za watu na kuimba, naye ni shangazi yake.

Lakini habari za kuimba hazikuzungumzwa katika nyumba ile.

Shangazi Mwanaesha aliolewa Mji wa Kale akiwa msichana, na katika miaka ya sabini hapakuwa na harusi ya maana kuanzia Kibokoni mpaka Mkanyageni ambayo hakualikwa kuimba. Kisha, mwaka wa themanini, akaacha ghafla. Ukoo mzima ulijua sababu: mumewe, Aidarus, alimkataza. Babake Mejumaa alikaa Idi mbili bila kumsemesha shemeji yake. Mejumaa mwenyewe, akiwa msichana, aliapa hatapokea kitu kutoka mkononi mwa mtu yule, na hakupokea. Aidarus alifariki mwaka wa themanini na tisa. Mejumaa alikwenda matangani, akakaa, akala, akarudi, na moyo wake haukulainika.

Jumapili alipanda ngazi za Kibokoni na redio kaseti mkononi. Shangazi alikuwa akichambua mchele kwenye ungo karibu na dirisha. Mejumaa akambusu mkono.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Dzoro hajambo? Na hiyo redio, kwangu hapana redio?"

"Nataka unisikilizie kitu. Ni Mzungu."

"Mzungu! Mimi Kizungu chao nakijulia wapi?"

"Maneno usiyajali. Sikiza sauti tu."

Alianza na Gari la Moshi la zamani ili shangazi ajue mtu alikotoka. Ukelele ulipofika, shangazi akainua mkono wenye chuya. "Lo! Huyu yuwapigana na nani?"

"Anaimba, shangazi."

"Haya. Ana nguvu, lakini hana adabu."

Kisha Mejumaa akatia kaseti mpya, wimbo wa nane. Shangazi aliendelea kuchambua. Ubeti wa kwanza ukapita. Katikati ya ubeti wa pili vidole vyake vikasimama juu ya mchele.

"Rudisha."

Mejumaa akarudisha.

"Rudisha tena. Hapo, kabla hajapanda."

Waliurudisha mara nne. Mara ya nne shangazi alikuwa ameweka ungo chini na kusogea mpaka goti lake likagusa redio.

"Huyu amekatwa koo," alisema.

"Amefanywa nini?"

"Amepasuliwa, mwanangu. Na madaktari. Sikiza. Kabla ya kupanda yuwavuta pumzi mara mbili. Ya kwanza ni ya kuimbia. Ya pili ni ya woga. Na maneno hayamalizi. Yuwayaacha yeye kabla hayajamwacha."

Mejumaa akazima redio. Wiki nzima alikuwa ametafuta swali lake linakoishia, na sasa mtu asiyejua hata neno moja la Kiingereza ameliweka mbele yake.

"Wewe umejuaje, shangazi?"

Shangazi Mwanaesha alilegeza leso shingoni, ile ambayo Mejumaa alikuwa ameiona shingoni pale siku zote bila kuifikiria, akainua kidevu. Kovu lilikuwa jembamba, limepinda kidogo, kama uzi ulioachwa juu ya nguo.

"Tezi," alisema. "Lilikuwa dogo, kama ukwaju mmoja. Daktari akaniambia likikaa litanikaba. Likatolewa. Nikaamka, nikasema maji, na aliyesema maji hakuwa mimi."

"Mwaka gani?"

"Themanini."

Nje mtu alikuwa akipita na mkokoteni, magurudumu yanagonga mawe. "Lakini shangazi," alisema Mejumaa, "sisi tuliambiwa mjomba Aidarus ndiye aliyekukataza."

"Mimi ndiye nalimwomba aseme vile."

"Kwa nini?"

Shangazi akaifunga leso yake vizuri kabla ya kujibu. "Mwanamke akikatazwa na mumewe, watu humwonea huruma. Wanasema, lau angeachiwa! Akiishiwa na sauti, wanamsahau kesho yake, wanamwita mwengine. Mimi nalitaka kukumbukwa vile nalivyokuwa. Nikamwambia Aidarus, nifanyie hisani hii. Akacheka. Akasema, mabega yangu ni mapana, nipakie."

"Na babangu alimnunia mwaka mzima."

"Babako, na majirani, na wewe pia. Nalikuona. Siku ile ya Idi amekuletea halua kwenye kisahani, ukakiacha pale mezani. Ilipofika jioni akaila yeye. Nikamwambia, Aidarus, basi, niwaambie. Akasema, yule mtoto akikua atakuwa na wakati wa kunisamehe."

Mejumaa alijifunika uso kwa mtandio wake. Alilia kwa muda, na shangazi akamwacha alie, ila alikuwa amenyoosha kidole na kubonyeza kitufe cha redio mwenyewe. Wimbo wa tisa ukaanza kwa sauti ndogo.

"Mwaka themanini na tisa," alisema Mejumaa, "nilikaa matangani kama mgeni."

"Najua. Kosa si lako. Ni langu, nami nimelilea likawa kubwa." Shangazi aliinamia redio. "Hebu niambie, huyu ana umri gani? Ameoa? Huyo mpiga gitaa ni yule wa zamani? Kwa sababu yule wa zamani alikuwa akishindana naye, na huyu yuwamngoja. Wasikia? Yuwamngoja avute pumzi."

Mejumaa hakuwa amelisikia hilo. Akapangusa macho, akasogea, wakasikiliza pamoja mpaka adhana ya alasiri.

Kaseti ilibaki Kibokoni. Jared aliposikia kisa alitia shaka kwanza. Karatasi ya kaseti haikusema lolote kuhusu ugonjwa. Alimuuliza yule Mfilipino, alimuuliza Mgiriki mmoja wa meli nyingine, hakuna aliyejua. "Pengine ni uzee tu," alisema. "Shangazi yako anajisikia yeye mwenyewe ndani ya kaseti."

"Pengine," alisema Mejumaa. "Njoo umwambie."

Wiki mbili baadaye Jared alivua viatu mlangoni kwa Bi Mwanaesha, akaingia akiwa ameinama kidogo kwa urefu wake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiwe unayesema amekwisha?"

Jared akamwangalia Mejumaa kwa jicho la kumlaumu. "Ndimi, mama."

"Kaa. Kunywa kahawa. Kisha tutamsema."

Shangazi alikuwa amezijua nyimbo zote kumi kwa mpangilio wake, bila kujua maneno. Akataka Jared amtafsirie, moja baada ya nyingine, na Jared akatafsiri huku akitokwa na jasho, maana zipo sehemu ambazo Tarrow hutukana. Wimbo wa tatu shangazi alikubaliana naye moja kwa moja. "Huu mbaya. Vinanda vyote hivi ni vya kumficha. Ni kama mtu kuziba ufa ukutani kwa kalenda."

"Hilo ndilo nililosema!" Jared alimgeukia Mejumaa.

"Hukusema hilo. Ulisema paka."

Wimbo wa tano shangazi aliupenda. Jared aliuchukia, na hawakuelewana mpaka mwisho. Walipofika wa nane, shangazi akazima redio.

"Wewe nimeambiwa wewe ni mwimbaji. Uimbe."

"Mimi? Gari la Moshi?"

"Uimbe kama alivyouimba zamani."

Jared akajaribu. Kufika mstari wa tatu sauti ikamkwama, akakohoa, akaona haya. Shangazi akamwambia aushushe, auimbe kama ulivyo kwenye kaseti mpya. Huko chini alikuwa kwake, besi wa kwaya. Aliufikisha mwisho. Na alipofika pale ambapo zamani palikuwa na ukelele, katika kaseti mpya hapakuwa na kitu isipokuwa pumzi moja na neno moja linalosemwa tu, bila kuimbwa. Jared alilisema neno lile, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo hakujua ipo.

"Enhe?" akauliza shangazi.

"Sikujua kuwa mle mna neno," alisema Jared. "Miaka yote ile. Nilidhani ni ukelele tu. Anasema 'shuka.' Treni imefika, anamwambia mtu ashuke."

"Na kwenye ule wa zamani hasemi?" akauliza Mejumaa.

"Anasema, lakini nani angelisikia?"

Jared akajinyoosha. "Sawa. Huu mmoja naurudishia heshima. Tisa zilizobaki, msinihesabu."

"Nane," alisema shangazi. "Ule wa tano utakuja kuupenda."

Jambo lililofuata hakulipanga mtu. Jared aliuliza, kwa adabu, kama mama alishawahi kupima sauti yake ilibaki na nini. Shangazi hakuelewa. Jared akaeleza kwamba kwaya yao ina kinanda kidogo cha umeme, na mwalimu hukitumia kujua kila mtu anaanzia wapi na kuishia wapi. Shangazi akasema hayo ni mambo ya kanisani. Kisha akauliza kinanda chenyewe kikubwa kiasi gani.

Jumapili iliyofuata kilipanda ngazi za Kibokoni ndani ya mfuko wa unga, ili majirani wasiulize. Jared alibonyeza, shangazi akafuata. Mejumaa alikaa pembeni na mikono mapajani, na hakuwahi kusikia kitu cha kuogofya na kupendeza namna ile kwa pamoja. Huko juu sauti ilivunjika mapema kama biskuti. Shangazi akafumba macho, akasema basi. Jared akasema, "Twende chini kwanza." Wakashuka. Wakashuka tena. Shangazi alifungua macho.

"Hii nayo ni yangu?"

"Ni yako, mama."

"Hii sikuwa nayo."

"Basi umeipata. Kwa ulivyonieleza ulikokuwa ukifika zamani, juu umepoteza noti nne, chini umeongezewa mbili."

Bi Mwanaesha aliirudia ile ya chini kabisa, mara mbili, tatu, kama mtu anayegongagonga ukuta wa nyumba yake na kusikia kuna chumba upande wa pili. Baada ya hapo alitaka kinanda kiachwe mpaka Jumatano.

Mwezi wa nane mjukuu wa jirani alipakwa hina, alasiri, ukumbini kwao Kibokoni. Wanawake walijaa mpaka ngazini. Mejumaa alijua lililokuwa linakuja. Shangazi yake hakusimama. Aliimba akiwa ameketi mkekani, leso shingoni, wimbo wake mmoja wa zamani, ameushusha mpaka baadhi ya watu hawakuutambua katika ubeti wa kwanza. Alipoufikia wa pili, mama mmoja mzee alipiga kofi pajani, akasema kwa sauti, "Ndiye! Ni Mwanaesha!" Vigelegele vikapasuka, na ikabidi aungoje ukumbi utulie.

Kabla hajaanza wimbo, hata hivyo, alikuwa amesema maneno machache. Alisema anataka wote waliopo wajue kwamba Aidarus hakumkataza kuimba hata siku moja, na kwamba aliyetia uongo ule mjini ni yeye mwenyewe, na kwamba anayemkumbuka marehemu amwombee dua. Mikono ikainuliwa. Mejumaa aliinua yake juu kuliko wote.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, hatua chache tu kupitia kichochoro, shangazi alimshika mkono kwa sababu ya mawe yanayoteleza.

"Umeonaje?" aliuliza.

Mejumaa alianza kusema ilikuwa nzuri, ilikuwa ajabu, watu walilia.

"Hayo najua. Nakuuliza umeonaje. Wewe si mtu wa kuandika maoni?"

Mejumaa akafikiri. "Ubeti wa tatu uliukimbilia."

"Naam," alisema shangazi, na alionekana kufurahi. "Nalivuta pumzi mara mbili. Ile ya pili nitaiacha."